Risasi isiyo na risasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye leseni ya silaha, wawindaji bingwa, askari wa wanyamapori na yeyote anayekula nyama ya porini. Maswali yanaanzia ya msingi na kuishia yale ya pembeni. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Ya mwanzo

1. "Risasi isiyo na risasi" maana yake nini?

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Neno *risasi* tumelitoa katika Kiarabu, ambako ni jina la yale madini ya kijivu, mazito na laini. Kwa kuwa kila kilichotoka mtutuni kilitengenezwa kwa madini hayo, jina la madini likawa jina la kitu. Leo kitu kile kile kinaweza kutengenezwa kwa shaba tupu na bado tunakiita risasi.

Ili tusichanganyane, humu ndani madini tunayaita *ledi*. *Risasi* ni kitu kizima unachopakia bundukini. *Kichwa* ni kile kinachoruka, *ganda* ni kile kinachobaki, *marisau* ni vile vidonge vidogo vya shotigani, na *fataki* ni kiwashio cha kitakoni.

2. Kama ledi ni sumu, kwa nini imetumika karne zote hizi?

Kwa sababu ni nzito, ni laini, ni rahisi na huyeyuka kwenye moto wa kawaida, nyuzi 327 tu za Selsiasi. Uzito ndio jambo kubwa: sentimita moja ya ujazo wa ledi ina gramu 11.34. Kitu kizito chenye umbo dogo hakisumbuliwi sana na hewa, hivyo hufika mbali kikiwa bado na nguvu. Ulaini nao una faida mbili: hauli mtutu, na kichwa kikigonga nyama hufunguka kama uyoga.

Kila tatizo utakalosoma hapa chini linatokana na kukosa moja ya sifa hizo. Ukiyaelewa mawili haya, uzito na ulaini, nusu ya maswali utajijibu mwenyewe.

3. Badala yake kuna madini gani?

| Madini | Gramu kwa sentimita ya ujazo | Hutumika wapi |
|---|---|---|
| Ledi (ya kulinganishia) | 11.34 | kote |
| Chuma laini | 7.87 | marisau |
| Bismathi yenye bati kidogo | karibu 9.6 | marisau |
| Tangsteni na aloi zake | karibu 10 hadi 18, kutegemea mchanganyiko | marisau |
| Shaba | 8.96 | vichwa vya raifo |
| Brasi | karibu 8.5 | vichwa vigumu vya wanyama wakubwa |
| Bati | 7.3 | kiini cha baadhi ya vichwa vya raifo |

Chuma ni cha bei nafuu na chepesi. Bismathi inakaribia ledi kwa tabia lakini inavunjika kirahisi. Tangsteni inaipita ledi kwa uzito, na bei yake inaipita mara nyingi zaidi. Shaba ndiyo iliyoshinda upande wa raifo.

Kuna kinaya kimoja: bismathi nyingi duniani hupatikana kama zao la pembeni la kusafisha ledi. Na tukitazama nyumbani, shaba inachimbwa Kolwezi na Lubumbashi, tangsteni inachimbwa Rwanda. Malighafi zinatoka kwa majirani. Risasi zenyewe zinarudi kutoka viwanda vya mbali.

4. Kichwa kina rangi ya shaba. Basi hakina ledi?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Risasi nyingi za raifo zina ngozi nyembamba ya shaba juu na ledi ndani. Hata marisau ya ledi yapo yaliyopakwa shaba. Rangi haithibitishi kitu.

Sumaku nayo inadanganya. Marisau ya chuma yatanaswa, sawa. Lakini ziko risasi za raifo zenye ngozi ya chuma na kiini cha ledi: zinanaswa vilevile. Na kichwa cha shaba tupu hakinaswi, kama ambavyo kile cha ledi chenye ngozi ya shaba hakinaswi.

Soma boksi. Tafuta maneno *lead free* au *non-toxic*, jina la kichwa, na maelezo ya mtengenezaji kwamba ni kipande kimoja cha shaba. Risasi zilizochanganywa kwenye mfuko bila boksi lake, zihesabu kuwa zina ledi.

5. Mbona ni ghali?

Kwa marisau ya chuma, tofauti na ledi si kubwa. Bismathi na tangsteni ni ghali kwa sababu ya madini yenyewe. Vichwa vya shaba ni ghali kiasi kwa sababu vingi huchongwa kwenye mashine kimoja kimoja, wakati ledi inabonyezwa tu kwenye kikombe chake.

Lakini fanya hesabu ya mwindaji. Safari ya kuwinda nyati inagharimu kibali, gari, mafuta, kambi na watu. Risasi tatu au nne zitakazopigwa ni sehemu ndogo mno ya gharama hiyo. Anayeumia kweli ni anayefanya mazoezi ya risasi mia kwa wiki, na ya uwanja wa shabaha yako swali la 23.

## Shotigani na marisau

6. Nilikuwa natumia namba 6 ya ledi kwa kanga na kwale. Nikihamia chuma nichukue namba ngapi?

Panda saizi mbili: kutoka namba 6 ya ledi nenda namba 4 ya chuma. Kumbuka kwamba namba ikipungua, kidonge kinakua.

Sababu ni hii. Kidonge cha chuma chenye ukubwa sawa na cha ledi kina takriban asilimia 70 tu ya uzito wake, kwa hiyo hupoteza mwendo mapema. Ukikuza kipenyo kidogo unarudisha uzito. Kidonge cha ledi cha milimita 2.8 kina gramu 0.13 hivi, cha chuma cha milimita 3.3 kina gramu 0.15 hivi. Katika mzigo wa gramu 32 utapata vidonge 245 vya ledi au 216 vya chuma. Idadi imepungua kidogo, lakini kila kidonge kinafika na kinapenya.

Wanaolalamika kwamba "chuma kinajeruhi tu, hakiui" mara nyingi wamebaki na namba ile ile ya zamani, au wanapiga mbali mno. Kwa bismathi panda saizi moja. Kwa tangsteni nzito unaweza kushuka.

7. Chuma kitaharibu mtutu wangu?

Bunduki ya kisasa iliyotengenezwa ipige chuma haitaharibika. Katika risasi za chuma vidonge vinakaa ndani ya kikombe kinene cha plastiki ambacho huvizuia visiguse ukuta wa mtutu.

Tatizo halisi liko mdomoni mwa mtutu, kwenye choki, yaani sehemu iliyobana ili vidonge visitawanyike mapema. Marisau ya ledi yakifika penye kubana yanabonyea na kupita. Ya chuma hayabonyei. Yakiwa makubwa na choki ikiwa imebana sana, chuma cha mtutu ndicho kinachosogea, na unapata uvimbe kama pete karibu na mdomo. Kwa nje unauhisi kwa kidole kabla hujauona kwa jicho.

Kwa hiyo choki ya robo au ya nusu inatosha. Kwa vidonge vinavyozidi milimita 4 usipite nusu. Wala huhitaji kubana zaidi, maana chuma kwa asili yake huruka kikiwa kimekusanyika; choki ya nusu kwa chuma hutawanya karibu kama choki kali kwa ledi.

Katika bunduki zilizopimwa Ulaya, risasi za chuma zenye nguvu ya juu hupigwa tu kwenye mtutu wenye alama ya ua la yungiyungi, ile yenye petali tatu. Huioni alama hiyo, tumia chuma cha nguvu ya kawaida au bismathi.

8. Bunduki niliyorithi ni ya mitutu miwili, ya zamani, na choki haifunguki. Nifanyeje?

Iache chuma kabisa. Mitutu ya zamani ni myembamba, na mara nyingi choki yake imebana mno. Tumia bismathi: ni laini kiasi cha kupita bila kuumiza mtutu na haihitaji kikombe kinene.

Kabla ya yote pima chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi inakaa. Bunduki nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 inaweza kuingia vizuri na usigundue kosa, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Likifunguka ndani ya chemba fupi, mdomo wa ganda unaziba njia na shinikizo linapanda. Kama hujui chemba ina urefu gani, fundi mwenye leseni aipime kwanza.

9. Boksi la risasi za chuma limeloweshwa na mvua. Zikikauka zinafaa?

Usizipige. Maji yakiingia ndani ya ganda, vidonge hushika kutu na kugandamana. Badala ya vidonge mia mbili unarusha donge moja la chuma, na shinikizo linaweza kupasua mtutu. Ukiitikisa risasi sikioni na husikii mchakacho uliouzoea, hiyo ni dalili mbaya. Lakini kusikia mchakacho hakukuhakikishii usalama. Ledi haina tabia hii, ndiyo maana wengi hawana habari.

10. Bismathi ina kasoro gani?

Peke yake hupasuka kama kigae, kwa hiyo huchanganywa na bati asilimia chache. Hata hivyo vidonge vingine huvunjika wakati wa kupigwa au vinapogonga mfupa. Kwa ndege ndani ya mita 35 huwezi kuona tofauti na ledi.

## Raifo na vichwa vya shaba

11. Kichwa cha shaba kinafanyaje kazi ilhali shaba ni ngumu?

Ncha yake ina tundu, na ukuta wa tundu hilo umekatwa mapema ndani. Kikigonga mnyama, majimaji ya mwili yanaingia tunduni kwa nguvu na kuifungua ncha kuwa petali, kwa kawaida nne au zaidi. Mashina ya petali yanabaki yameshikana na mwili wa kichwa. Vichwa vingi vina kincha cha plastiki kinachosaidia kuanzisha ufunguaji huo.

Kichwa cha aina hii kilichofanya jina la shaba liaminiwe ni Barnes X, kilichotoka Marekani mwaka 1989. Vya kwanza vilikuwa na sifa ya kuchafua mtutu na wakati mwingine kutofunguka. Vilivyokuja baadaye vimechongwa mifereji mwilini ili kupunguza msuguano. Ukisikia mzee analaani shaba, muulize alipiga lini na kichwa gani.

Tofauti kubwa unaiona ukikitoa kichwa kwenye nyama. Cha shaba mara nyingi hubaki na zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake. Cha kawaida cha ledi humwaga sehemu kubwa ya uzito wake njiani, vipande vingine vidogo kuliko chembe ya chumvi. Athari ya vipande hivyo iko swali la 16.

12. Nichague uzito gani?

Shuka ngazi moja. Aliyezoea greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa, kama 15 kwa gramu moja) katika kaliba ya .30-06, yaani saizi ya tundu la mtutu, achukue 165 au 150. Aliyezoea 300 katika .375 H&H anaweza kuchukua 270. Shaba haimwagiki, kwa hiyo kichwa chepesi kinapenya kama kizito cha ledi, na wepesi wake unakupa mwendo, ambao shaba inauhitaji ili ifunguke.

Kuna sababu ya pili, ya urefu. Kwa uzito ule ule kichwa cha shaba ni kirefu kuliko cha ledi, na kichwa kirefu kinahitaji msokoto wa kasi zaidi mtutuni, yaani mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, ili kiruke kikiwa kimenyooka. Ndiyo maana raifo ya .223 yenye msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 hugoma kupiga vizuri baadhi ya vichwa vya shaba. Matundu kwenye karatasi ya shabaha yakiwa na umbo la yai badala ya duara, kichwa kinayumba: chukua kifupi zaidi.

13. Mpaka umbali gani?

Usiulize mita, uliza mwendo. Vichwa vingi vya shaba vinahitaji kufika kwa mnyama vikiwa na mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Chini ya hapo ncha inaweza kubaki imefunga na kupita kama msumari. Tafuta jedwali la mtengenezaji, angalia ni umbali gani mwendo unashuka hapo, huo ndio ukomo wako. Kwa porini kwetu, ambako swala pala na kongoni hupigwa ndani ya mita 150, ukomo huu haumgusi mtu mwenye kaliba ya kawaida na mtutu usiokatwa.

Mahali pa kulenga ni bega, si nyuma ya bega. Shaba hufanya kazi nzuri zaidi ikigonga kitu. Ukipitisha katikati ya mapafu matupu, mnyama anaweza kukimbia mita 60 au 80 kabla hajaanguka.

14. Nimebadilisha tu aina ya risasi na sasa napiga pembeni. Darubini imeharibika?

Yaelekea ni nzima. Kichwa kipya kina mwendo mwingine na mtikisiko mwingine mtutuni, kwa hiyo kinagonga mahali pengine. Tofauti ya sentimita 5 hadi 10 kwa mita 100 si ya kushangaza.

Utaratibu ni huu. Safisha mtutu kwa dawa ya kutoa shaba hadi kitambaa kisitoke tena na rangi ya buluu au kijani. Mabaki ya risasi za zamani huvuruga vikundi, yaani jinsi matundu yanavyokusanyika kwenye shabaha. Piga mbili au tatu za kuzoeza mtutu. Kisha piga vikundi vya tatu kwa mita 100, ukiacha mtutu upoe kila mara, ndipo urekebishe darubini. Nunua aina mbili au tatu kwa boksi moja moja kabla hujanunua za msimu mzima, kwa sababu raifo huchagua: mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti.

15. Na kwa nyati na tembo?

Hapa wawindaji bingwa wamekuwa mbele ya wengine bila kufikiria mazingira. Risasi "ngumu" za zamani zilikuwa na kiini cha ledi ndani ya ngozi ya chuma, na zilikuwa zikipinda au kupasuka kwenye mifupa mizito. Vichwa vya kipande kimoja cha brasi au shaba vimechukua nafasi hiyo kwa sababu havipindi. Watengenezaji wa Afrika Kusini wamefanya kazi kubwa katika eneo hili.

Kwa nyati, wengi hutanguliza cha shaba kinachofunguka na kufuatisha vigumu. Vyote viwili vikiwa vya kipande kimoja, hakuna ledi inayobaki kwenye mzoga. Jaribu kwanza kama vyote vinagonga mahali pamoja kwenye raifo yako. Katika mitutu miwili ya zamani, muulize mtengenezaji kabla ya kupiga kichwa kigumu cha kipande kimoja, kwa sababu ukuta mwembamba unaweza kubeba alama za mifereji hadi nje.

## Nyama

16. Nikikata sehemu iliyoharibika, si nimemaliza ledi yote?

Hujaimaliza. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyohusu kulungu 30 waliopigwa kwa risasi za kawaida za ledi. Picha za eksirei zilionyesha vipande katika kila mzoga, kuanzia 15 hadi 409. Mizoga ikapelekwa kwa wachinjaji mbalimbali waikate kama wanavyokata siku zote. Nyama ya kusaga ya kulungu 24 kati ya 30 ilikutwa na chembe za madini, na kati ya pakiti 234, asilimia 32 zilikuwa na angalau chembe moja. Chembe hizo hazionekani kwa macho na ulimi hauzihisi.

17. Nina nyama iliyopigwa kwa ledi tayari. Niitupe?

Si lazima, lakini kuwa mkali na kisu. Kata na utupe kwa ukarimu kuzunguka njia yote ya risasi, kuingia na kutoka, sentimita 15 kwa uchache, na kila penye damu iliyoganda. Usiisage nyama ya mkono wa mbele uliopigwa. Mashine inasambaza chembe kwenye nyama safi. Usioshe tundu kwa maji mengi ukidhani unasafisha, unazisukuma ndani.

Jambo moja la jikoni: asidi huyeyusha ledi. Majaribio ya kupika nyama ya ndege kwa siki yalionyesha kwamba ledi inayoweza kuingia mwilini huongezeka. Kwa hiyo nyama yenye mashaka usiiloweke kwenye ndimu, siki wala ukwaju.

Wajawazito na watoto wadogo wasipewe kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha ledi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaodhurika kwanza.

18. Marisau ya chuma kwenye kitoweo je?

Hayana sumu, yana hasara ya jino. Mpikaji apapase nyama ya kifua kwa kidole, afuate manyoya yaliyoingia ndani, maana kidonge huvuta unyoya. Sumaku ndogo juu ya minofu pia husaidia.

## Bata, tumbusi na ardhi

19. Marisau yaliyomkosa ndege yanamdhuru nani?

Bata. Ndege hawana meno. Humeza changarawe ili firigisi isagie chakula. Chini ya maji, kidonge cha ledi na changarawe ni kitu kimoja kwa bata. Firigisi inakisaga siku kwa siku, asidi inakiyeyusha, ledi inaingia kwenye damu. Vidonge vichache vinatosha kumwua: anadhoofu, mabawa yanalegea, anakufa majanini na kuliwa na mwingine kabla hujamwona. Ndiyo maana marufuku karibu zote zilianzia kwenye ardhi oevu.

20. Kwetu tumbusi wanakufa kwa sumu ya wafugaji. Ledi inahusu nini?

Ni kweli kwamba dawa za wadudu zinazowekwa kwenye mizoga ndizo zinazoua tumbusi kwa makundi Afrika Mashariki, na anayetaka kuwaokoa aanzie hapo. Ledi inakuja polepole. Mwindaji anapasua mnyama, anaacha matumbo, tumbusi wanashuka, na chembe za swali la 16 zinaingia kwenye tumbo lenye asidi kali. Utafiti wa tumbusi wa mgongo mweupe nchini Botswana ulikuta ledi nyingi kwenye damu zao, na ilizidi wakati wa msimu wa uwindaji.

Mfano unaojulikana zaidi ni kondori wa California. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu. Wamezalishwa na kurudishwa porini tangu 1992, na bado ledi ndiyo inayoongoza kuwaua.

Kama huna risasi za shaba msimu huu, fukia matumbo na nyama iliyopigwa, au uondoke nayo. Kazi ya jembe ya dakika 20.

21. Je, hizo mbadala zenyewe ni salama?

Usidhani kila kisicho ledi ni salama. Marisau ya zinki yalijaribiwa na kuonekana yanadhuru bata. Jeshi la Marekani lilitumia vichwa vya tangsteni na nailoni kwa mazoezi, tangsteni ikakutwa kwenye maji ya ardhini katika kambi moja ya Massachusetts, na matumizi yakasimamishwa hapo mwaka 2006. Kwa sababu hiyo Marekani huidhinisha marisau ya bata aina kwa aina baada ya majaribio. Chuma, bismathi yenye bati na michanganyiko kadhaa ya tangsteni imepita. Shaba si nzuri kwa viumbe wa majini ikizidi, lakini kichwa kimoja porini si sawa na uwanja wa shabaha unaopokea maelfu.

## Sheria

22. Ni wapi wamekataza, na kwetu hali ikoje?

Marekani ilikataza marisau ya ledi kwa bata nchi nzima mwaka 1991. Denmark ilikataza marisau ya ledi kabisa mwaka 1996, na kuanzia Aprili 2024 vichwa vya raifo vya ledi katika uwindaji pia. California inataka risasi zisizo na ledi kwa uwindaji wote tangu 1 Julai 2019. Umoja wa Ulaya unazuia marisau ya ledi ndani ya ardhi oevu na mita 100 kuizunguka tangu 15 Februari 2023.

Kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia, uliolenga ledi iondoke kwenye uwindaji wa ardhi oevu ifikapo mwaka 2000. Lengo hilo limepitwa na miaka mingi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo huko suala ni viwanja vya shabaha zaidi. Tanzania ina uwindaji wa kitalii kwenye vitalu. Mteja anayetoka Denmark au California mara nyingi huja tayari na risasi za shaba alizozizoea. Kambi inayojua kuzungumza naye lugha hiyo haipotezi kitu.

Aina ya madini haibadilishi chochote kwenye leseni: kaliba na idadi ya risasi kwenye kibali ni zile zile.

## Ya pembeni

23. Kwenye uwanja wa shabaha nitumie nini?

Kwenye uwanja wa ndani hatari kubwa ni vumbi unalovuta. Sehemu yake hutoka kwenye kichwa, sehemu kwenye fataki, kwa kuwa fataki za kawaida zina ledi pia. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye fataki ya kawaida bado hakijakuondolea vumbi lote. Tafuta boksi linalosema fataki nayo haina ledi.

Usifagie makavu, lowesha au tumia mashine yenye kichujio kizuri. Nawa kwa sabuni kabla ya kula au kushika sigara. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, na viatu vibaki nje, hasa nyumba ikiwa na mtoto anayetambaa.

24. Shaba na chuma hurudi nyuma zaidi?

Ndiyo. Ledi ikigonga mwamba hubondeka na kumaliza nguvu zake; shaba na chuma huchepuka vikiwa vizima. Kila mmoja asimame nyuma ya mpigaji, si pembeni yake, na pawe na udongo laini nyuma ya mnyama au shabaha. Bamba za chuma za mazoezi zisipigwe kwa marisau ya chuma. Miwani si ya hiari.

25. Ni kweli risasi ya shaba inaweza kuwasha moto?

Ni kweli. Majaribio ya idara ya misitu ya Marekani yaliyochapishwa 2013 yalirusha vichwa kwenye bamba la chuma, vipande vya moto vikaangukia mboji kavu. Vya shaba tupu na vyenye chuma ndivyo vilivyowasha mara nyingi. Miezi ya Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa kavu na upepo unavuma, usilenge mahali penye mawe nyuma yake, na baada ya kupiga subiri uangalie moshi.

26. Kaliba ya .22 je?

Hapo ndipo mbadala ni dhaifu. Kichwa cha shaba au bati kwenye ganda dogo namna hiyo kinakuwa chepesi mno, na raifo nyingi hazikipigi vizuri. Jaribu mita 50. Kisipokusanyika, usikitumie kwa mnyama hai.

27. Wa gobore wanatumia vipande vya nondo na golori. Si hizo hazina ledi?

Hazina, na zinapasua mtutu. Kipande cha nondo hakilingani na tundu, kinakwama, na hakibonyei. Wala kuyeyusha ledi ya betri kuukuu si nafuu: moshi na majivu yake yanabaki uani ambako watoto wanacheza. Shaba nayo huyeyuka kwa nyuzi 1,085, haiwezekani jikoni. Risasi ni kazi ya kiwanda kilichopimwa.

28. Nimebakiwa na maboksi ya ledi. Niyatupe wapi?

Si shimoni, si mtoni, si kwenye taka za kuchomwa. Zilizo nzima zimalize kwenye uwanja wa shabaha ambako udongo wa nyuma huchujwa na ledi kurudishwa kuyeyushwa. Zilizoharibika au zisizo na leseni tena, zipeleke kituo cha polisi ukiwa na kitabu chako, na upewe maandishi kwamba umezikabidhi.